Pampu Iliyoua Kotimiri ya Mama

Sítio Mulungu, Aprili 4

Dada Quitéria mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, za mbuzi wake kumi na mmoja, na za magoti yake mawili yanayolia kama bawaba. Hujambo huko São Paulo? Kifua kimeacha kukusumbua? Mimi mzima, isipokuwa meno. Yamebaki matatu, nayo hayasemezani.

Mvua imenyesha tangu sikukuu ya Mtakatifu Yosefu mwezi jana, lambo la baba limejaa hadi kwenye mizizi ya mkunazi. Nimepanda tena kotimiri na vitunguu pale pale kwa mama. Lakini unajua bustani iko juu, na maji hayapandi mlima kwa kubembelezwa. Mashine ya petroli niliyonunua ilikohoa siku mbili, ikafa. Basi nikaikokota pampu yetu ya mkono kutoka zizini. Nilipoigusa tu nikakuona umesimama ng'ambo, kitambaa chekundu kichwani, ukinikoromea: “Vuta, we mvivu, au unapapasa?” Wewe ukishusha, mimi nikipandisha, maji yakigugumia bombani kisha yakitapika mferejini, na harufu ya kotimiri mbichi ikipanda hadi jikoni. Halafu kuskusi ya mahindi na sukari guru, ambayo uliiuma wewe kwanza kila siku, eti mkubwa ndiye huonja sumu.

Najua huipendi pampu hiyo. Asubuhi ile ya kiangazi kikuu uliivuta peke yako, ikakwama, ukakaza, mpini ukavunjika. Tulibeba maji kwa debe hadi mabega yakachubuka. Fundi alifika siku ya nane, mboga zimeshakuwa nyasi za kuezekea. Akanywa kahawa, akaenda zake bila kuifungua pampu. Mama akakwambia mbele ya watu kwamba mkono wako una kiburi na umeua bustani yake. Ukapanda lori la kusini. Miaka hamsini na moja hujakanyaga hapa, hata mama tulipomzika.

Sasa kaa chini. Jumanne niliifungua. Ndani, penye ngozi ya kuvutia maji, palikuwa na kichwa cha udongo, kidogo kama haragwe, chenye ndevu. Sikushangaa, dada. Nilijua kimo humo. Nimejua miaka yote.

Ni cha sanamu ya Mtakatifu Yosefu ya jirani yetu, Bibi Eufrásia. Mimi ndiye niliyemwiba. Kumwiba si kitu, nani hakuiba mtakatifu wakati wa ukame? Mateka anafichwa hadi mvua inyeshe, kisha anarudishwa kwa maandamano na fataki. Kosa langu ni haraka. Niliwaona wasichana wakiizamisha sanamu ya Mtakatifu Antonio kichwa chini ili awape waume, nikadhani dawa ya mtakatifu mmoja itamfaa mwenzake. Nikamfunga Yosefu kamba, nikamtumbukiza lamboni karibu na mdomo wa bomba, ndipo palipobaki maji. Nilipomvuta baadaye, nilivuta mabega matupu; kichwa kilikuwa kimenyonywa na bomba. Wewe ulikuwa unalia jikoni. Nikasema nitakiri fundi akija. Fundi akaja, ulimi ukanigeuka jiwe, nawe ukapanda lori.

Juzi nilimwambia Bibi Eufrásia, ambaye ana miaka tisini na sita. Akasema, “We mbwa mzee! Miaka yote hii nausalia msumari mtupu ukutani!” Akacheka hadi akapaliwa. Kisha akauliza kama mama alikufa akijua. Nikasema hapana. Akaacha kucheka. Akasema hatampokea Yosefu kutoka mkononi mwangu. Atampokea kwako tu, uliyeadhibiwa kwa ajili yake.

Kichwa nimekigandisha kwa gundi ya viatu kwenye mabega yale, niliyoyaficha miaka yote. Kimekaa upande, kama mtu asiyetaka kunitazama. Simlaumu.

Sikuombi msamaha kwa barua, huo ni uvivu mwingine. Njoo unitukane mbele ya watu, kama ulivyotukanwa. Nauli nitachangia mbuzi wawili. Kaburini kwa mama nimeshasema yote, kwa sauti, nimevua kofia. Hakujibu. Aliyebaki wa kunijibu ni wewe.

Wabusu wanao na wajukuu nisiowajua. Funika kifua asubuhi.

Ndimi mdogo wako, mwizi,
Deoclécio