Eti Nimembemenda Koku

Jumatatu, 3 Machi
Kufua nepi, kunyonyesha, kufua tena. Koku kavuta kidogo, kasinzia. Maziwa yanamvuja pembeni ya mdomo, gauni langu limelowa. Kliniki mzani haujasogea. Nesi kaniangalia juu hadi chini, kauliza baba wa mtoto analala wapi. Deo yuko machimboni Geita. Sasa hilo linahusiana nini na uzito?

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kafika kutoka Bukoba na mkungu wa ndizi. Nimepiga magoti, shikamoo. Kampokea mjukuu, kampimapima kama kuku wa sokoni. Kisha akalitoa lile neno: kabemendwa. Yaani nimelala na mwanaume mwingine, uchafu umeingia kwenye maziwa, mtoto anadhoofu.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaa mzima wa Pasiansi unajua. Nikifika bombani, wanawake wanajitwisha ndoo na kuondoka. Mama mkwe kachemsha majani, kamwogesha Koku. Anataka nimwachishe ziwa aanze uji. Miezi miwili, uji! Nimempigia Deo. Kasema: "Wewe niambie tu ukweli." Nimekata simu. Bora angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali. Mama mkwe kanifuata, ahakikishe siendi kwa hawara. Tumepelekwa kwa dada wa tiba kwa vitendo, anayesaidia watoto wanaoshindwa kunyonya. Kavaa glavu, kaingiza kidole mdomoni mwa Koku, katulia. Ulimi na taya vimelegea, kasema. Mtoto anachoka kabla hajashiba. Maziwa yangu hayana kosa. Kanionyesha: ziwa kiganjani, kidole gumba shavu hili, cha shahada shavu lile, kidevu cha Koku kikae katikati ya vidole. Asipomaliza, nikamue, nimnyweshe kwa kikombe. Uji hapana, kamwambia mama mkwe mwenyewe. Mama mkwe kageukia dirishani.

Nimelia. Si kwa furaha. Kumbe ni taya! Na mimi nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Jumapili, 16 Machi
Deo kasikia ya hospitali, katuma ujumbe: "Pole mke wangu." Pole ni ya kujikwaa. Sijajibu.

Jumamosi, 22 Machi
Kliniki. Koku kaongezeka, kaongezeka kweli. Kabla sijashusha mtoto mgongoni, mama mkwe kashafika bombani kutangaza kwamba dawa yake imemponya. Majirani wanampongeza. Mshenzi gani atanipongeza mimi? Nilitaka kutoka niwamwagie yote, ila Koku alikuwa na njaa.

Nikakaa, nikamweka. Koo lake linafanya gu, gu, gu, anameza. Mama mkwe kaingia, kaniwekea mto chini ya kiwiko. Kasimama anatuangalia.

"Kidevu, Mama Koku," kasema polepole. "Kidevu kimeshuka."

Nimekipandisha.