Risasi Fupi za Baba Ditram

Masanze, Kilosa
14 Mei

Mwanangu mpendwa Ditram,

Marahaba, maana najua ukifungua tu bahasha hii utaniamkia kabla hujasoma. Hujambo huko Tunduma? Mkeo Joha hajambo, na mjukuu wangu kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Mahindi yamebeba vizuri, mvua haikutunyima, ila nyani mwaka huu wamezidi. Wanashuka mchana kweupe kama wamealikwa.

Utashangaa mama anaandika barua wakati simu ipo. Baba yako husikiliza simu zetu zote, na ninalotaka kukwambia sikuweza kulisema mbele yake. Barua nampa Saibulu, jirani yetu mfugaji, anayekwenda Mikumi kesho. Ataikabidhi kwa dereva wa basi la Tunduma.

Kwanza nakushukuru kwa zile risasi ulizotununulia Morogoro, ulipokuja likizo ya Pasaka ukamshughulikia baba yako leseni ya bunduki. Hatukuzitumia, na sababu nakueleza usije ukadhani tumezidharau.

Wiki ile uliyoondoka, nyani waliingia shambani upande wa mto. Tukatoka haraka na bunduki ya marehemu babu yako, ile ya mitutu miwili aliyoachiwa na bwana wa shamba la mkonge kule Kimamba. Risasi zako zilikuwa zimeshaingizwa na bunduki imefungwa. Baba yako akaomba ashike moja iliyobaki kwenye boksi. Akaipapasa kwa kidole gumba, akarudia tena, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba bunduki ifunguliwe taratibu, zitolewe zote mbili. Nyani wakala mahindi yetu sisi tumesimama tu.

Aliniambia hizo ni ndefu kuliko alizozoea tangu ujana wake. Tukaenda Morogoro kwa fundi bunduki, Lupakisyo, mtu mpole sana. Alipima chemba, pale risasi inapokaa, akasema ilichongwa kwa risasi za milimita sitini na tano. Zako ni za sabini. Nikamuuliza mbona ziliingia bila taabu. Akasema hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mdomo wa risasi umekunjwa, kwa hiyo inaingia. Ikilipuka, ule mkunjo unafunguka kwenda mbele, unabana pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, na nguvu ya baruti inakosa njia. Chuma cha zamani kinaweza kupasuka, na wa kwanza kuumia ni aliyeegemeza shavu.

Akatuonya pia kwamba ufupi peke yake hautoshi, kwani zipo fupi zilizojazwa baruti kali. Tutafute zilizoandikwa kwenye boksi kuwa ni za bunduki za zamani, za nguvu ndogo na mzigo mwepesi, yaani baruti kidogo. Aliikagua mitutu ndani na nje, akaridhika kuwa haijaliwa na kutu. Dukani ulikonunua walizipokea zako bila maneno, wakatuagizia zinazofaa. Kwa hiyo usijilaumu, mwanangu. Hata mimi nisingejua, na moyo uliokutuma ukazinunue tumeuona.

Sasa kaa chini.

Aliyeshika bunduki siku ile ni mimi. Baba yako haoni. Ilianza polepole kabla ya mavuno ya mwaka jana, na sasa anatambua mwanga wa mlango tu. Tukienda shambani husimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Akisikia nyani wako wapi, ananigeuza taratibu upande huo, nami napiga juu hewani kuwatisha. Majirani wanajua ni yeye. Alinikataza nisikwambie, akiogopa utaacha kazi urudi kutulea. Ulipomwonyesha picha za mtoto kwenye simu akasema amefanana na bibi yake, alikuwa anabahatisha. Ulipotoka nje aliniuliza mtoto ana sura gani, nikajaribu kumweleza, nikashindwa.

Siku ile ya fundi nilimbembeleza mpaka akakubali tupite hospitali. Wamesema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila kuna dawa ya matone ya kulinda hicho kidogo kilichobaki. Namtia mwenyewe asubuhi na jioni, naye hulalamika kama mtoto.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, “Mama Ditram, sitaki ukamatwe kwa sababu ya macho yangu.” Jumatatu tunaipeleka bunduki kituoni Kilosa, tukaseme ukweli wote. Nitaomba leseni kwa jina langu. Wakinikatalia itabaki huko huko, nasi tutafukuza nyani kwa kupiga madebe.

Nilipofika hapa baba yako ameingia, akauliza naandika nini muda wote huu. Sikuweza kumdanganya. Nimemsomea yote tangu mwanzo. Kisha amevuta kigoda karibu yangu, akasema niongeze kwamba kazi usiache, ila likizo ijayo simu yako na picha zake uviache Tunduma. Umlete mtoto mwenyewe, umkalishe mapajani pake, amshike uso.

Msalimie Joha sana, mwambie mchele wake nimeuwekea akiba. Mbusu mtoto kwa niaba yetu sote wawili.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Hildegarda