Kitambaa cha Unga Mbele ya Magoti ya Delphia

Kijito cha Laurel,
Kentucky.
9 Novemba 1971

Mpendwa kaka Corbett,

Salamu kwanza, kwa sababu mama alitulea hivyo, na hasira yangu inaweza kusubiri mistari michache. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na hayo mabomba ya mafuta ya Texas? Wifi yangu Nadine, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Arvil kifua kinambana kila asubuhi, kama kinavyowabana wote waliotoka mgodini, lakini anakula na anatembea. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Mvua imetuchosha. Haya, salamu zimekwisha.

Barua uliyomwandikia Delphia ilifika Ijumaa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akanikabidhi, akachukua ndoo kwenda kukamua. Nikaisoma. Nikaisoma tena, nikidhani labda ni macho yangu. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na ninakuheshimu, lakini heshima haishoni mdomo. Unamwambia mwanangu aombe radhi? Wewe mjomba wake, uliyemkalisha mbele ya lile gitaa lako la stili, linalolazwa kama meza na kupigwa kwa mikono, magoti na miguu, angali miguu haifiki kwenye pedali, ukamfungia vipande vya mbao chini ya viatu ili afike?

Najua Texas hampati kile kipindi cha muziki, "Jumamosi Milimani", kwa hiyo hukuona kitu. Umesimuliwa. Na aliyekusimulia namjua, maana hapa kijitoni simu anayo jirani yetu Verna peke yake, na ulimi anao wa watu watatu. Basi sasa sikiliza kwa mtu aliyekuwa amekodoa macho mbele ya televisheni tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hoyt, mpiga stili wao wa miaka yote, alianguka kwenye banda la tumbaku akavunjika mkono. Mwimbaji mwenyewe, Coy Messer, alikuwa amemsikia Delphia kwenye maonyesho ya kaunti, akamwita aje kushika nafasi Jumamosi ile. Akamwambia wazi kwamba Hoyt amezeeka na anataka kupumzika, na kwamba msichana akipiga vizuri, kiti ni chake moja kwa moja. Unajua maana yake. Kwa msichana wa huku, ukikosa kiti kama kile, kinachokungoja ni kiwanda cha mashati kule mjini mpaka nywele zikuote mvi.

Jioni ile nyumba yangu ilijaa. Mama mkwe Hester aliletwa na kiti chake. Ocie Pruitt, mke wa mchungaji, alikuja na keki ya tufaha na ile sura yake ya kupima watu. Nilikuwa nimepika maharagwe na mkate wa mahindi, na sikuweza kumeza hata kijiko.

Kipindi kikaanza. Walipoonyesha bendi nzima nikamwona mwanangu upande wa kushoto, amechana nywele nyuma, na mbele ya gitaa lake kimening'inizwa kitambaa kirefu hadi sakafuni, chenye picha ya njiwa mweupe wa ule unga unaodhamini kipindi. Kuanzia kifuani kwenda chini, binti hana mwili.

"Wamemtundikia shuka la nini?" Arvil akauliza.

Sote tulidhani ni pambo. Ni baadaye ndipo Delphia alipotueleza. Wakati wa mazoezi alikuja mtu wa kampuni ya unga, akasimama mbele yake, akaona magoti yanavyofanya kazi, hili likisukuma wenzo wa chini ya gitaa kulia, lile kushoto, akasema akina mama majumbani watakwazika kumwona mwanamke anapanua magoti kwenye televisheni. Akina mama majumbani ni mimi, Corbett. Mimi ndiye ninayenunua huo unga. Nani alikuja kuniuliza kama nimekwazika? Sketi ilimfika katikati ya miundi! Lakini Delphia ana adabu, alikuwa mgeni, akanyamaza akakubali.

Wakaimba nyimbo mbili tatu za kuchangamsha, za fidla na banjo, na yeye akawa anapitapita nyuma kwa ustaarabu. Kisha ukaja ule wimbo wa polepole ambao kila Jumamosi unampa stili zamu yake. Unajua desturi: mwimbaji humwita mpigaji kwa jina, ili watu wajue anayesema sasa ni nani. Nilikaa ukingoni mwa kiti. Coy akageuka na meno yake yote, akaita, "Haya, Hoyt, tuambie!"

Hoyt! Mtu yuko nyumbani kwake mkono umefungwa plasta!

Nilisimama. Nadhani ningeipiga televisheni teke. Arvil akanishika mkono. "Kaa, Mama Delphia. Kaa usikilize."

Nikakaa. Na sasa, kaka, nikuambie ulichokosa, maana hasira isinifanye nisahau kusifu. Hakuanza kwa kishindo. Alidonoa nyuzi mbili tu, akaziacha zikae, halafu akaanza kuzipandisha kwa mguu polepole mpaka ukadhani hazitafika, na zilipofika nilisikia Arvil akivuta pumzi. Hakukimbia. Unakumbuka alivyokuwa mdogo, akijaza noti kila mahali kama anaogopa kimya? Ameacha. Siku hizi anaacha nafasi, na katika ile nafasi wewe mwenyewe unajikumbusha mambo yako. Mimi nilimkumbuka mama. Sijui kwa nini, wimbo ulikuwa wa mtu aliyeachwa na mchumba. Nililia, na sioni aibu kukuandikia. Na muda wote huo kamera inatuonyesha nini? Kidevu cha Coy Messer.

Ndipo kitambaa kikafanya lake. Goti lilipokwenda kulia, kilinaswa kwenye wenzo. Noti iliyokuwa ikipanda ikakwama katikati, ikaanza kunung'unika. Kila mwenye masikio aliisikia. Mtu mwingine angeiacha ife, akatabasamu, akarukia nyingine. Delphia aliuondoa mkono wa kulia kwenye nyuzi, akaupeleka chini, akakivuta kile kitambaa kwa nguvu moja. Njiwa akaenda sakafuni. Mkono wa kushoto haukutikisika juu ya kile chuma chake cha kutelezesha kwenye nyuzi, goti likaenda lilipokuwa linakwenda, na noti ikapanda ikafika.

Na kamera, mwishowe, ikamkimbilia. Tukamwona mzima, miguu yake iko ndani ya soksi za sufu za baba yake, maana hajawahi kupiga na viatu tangu avue zile mbao zako. Kisigino kinashuka, kidole kinashuka, goti linakwenda, macho yameangalia chini kwenye nyuzi, hana habari na mtu. Nimemwona maelfu ya mara pale kwenye kibaraza, na sikuwahi kujua kwamba ninachokiona ni kizuri kiasi kile. Watu wa studio walisimama wakapiga makofi kabla hajamaliza.

 Kwangu sebuleni Ocie akaweka sahani ya keki chini. "Yesu wangu. Mbele ya watu wote!"

"Kwani anashona?" mama mkwe akauliza kwa sauti. Hasikii vizuri, lakini miguu aliiona.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu bibi wa watu alikuwa amesema kweli bila kujua. Nikamgeukia Ocie. "Dada Ocie, wewe una cherehani ya pedali. Verna anayo ya kusukuma kwa goti. Mchungaji anakuja anakukuta umekaa, magoti yako yanakwenda, anakuuliza chakula kiko wapi. Amewahi kukutundikia shuka?"

"Ile ni kazi, Ivalene."

"Na hii ni nini?"

Akachukua keki yake akaenda. Keki nzima, Corbett, na nusu tulishaikata.

Jumatatu ndipo Coy alipopiga simu kwa Verna, na Verna akasimama karibu kama nguzo ili asipitwe na neno. Kampuni ya unga ilikuwa imekuja juu. Wanataka Delphia aombe radhi mbele ya kamera Jumamosi inayofuata, halafu apige akiwa nyuma ya ubao uliopigiliwa misumari, usioweza kuvutwa. Akikubali, kiti ni chake. "Delphia, mpenzi, ni maneno mawili matatu tu," Coy akasema. Delphia akamwuliza kuhusu jina. Coy akajibu kwamba ulimi uliteleza. Binti akamwuliza kama Jumamosi atalitaja jina lenyewe, wakati wa kuomba radhi. Akasema hapo ndiyo, lazima alitaje, ili watu wajue nani anaomba.

Umeisikia hiyo? Katika sifa yeye ni Hoyt. Katika aibu ndipo awe Delphia.

Mwanangu akamwambia atafikiri. Na alikuwa bado anafikiri, kaka, hajaamua, wakati barua yako inafika. Alikuwa anakungoja wewe. Mimi nilimwambia la kwangu, akasema, "Mama, wewe hupigi. Ngoja tumsikie mjomba." Mjomba mwenyewe ndiyo huyu, ameandika kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alikuwa ameinama! Gitaa lile halipigwi kwa kusimama wima, wewe unajua kuliko mimi. Miaka yote ameinama juu yake mpaka shingo imeota kinundu. Wanachotaka wale si ainame. Wanataka ajifiche.

Na hilo nalo ningelimeza. Nisiloweza kulimeza ni ule mstari wa chini, kwamba angeweza tu kuiacha noti ile na kuendelea na nyingine, hakuna ambaye angegundua. Nani alimfundisha kwamba noti haiachwi njiani? Si wewe? Nilikuwa jikoni nawasikia, ukimrudisha mara kwa mara mpaka mtoto analia, "Imalize, Delphia, usiikimbie, imalize." Ameimaliza. Mbele ya watu wa milima yote ameimaliza, kisha unamwambia ungekuwa wewe ungekimbia. Sijui Texas wamekupa maji gani.

Alimpigia Coy Ijumaa ileile jioni, akamwambia haji.

Juzi Jumamosi nilisema televisheni haiwashwi humu ndani. Arvil akaiwasha. Delphia alikuwa ameleta gitaa lake sebuleni kwa sababu ya baridi ya kibarazani, anakaza nyuzi, hatazami. Hawakumpata mpigaji mwingine. Pale mahali pake palikuwa na kigoda kitupu. Ukaja ule wimbo wa polepole, ikafika zamu ya stili, Coy akageuka kwa mazoea, akafungua mdomo, akakuta hana wa kumwita. Yule wa fidla akajirusha katikati, anatapatapa.

Lakini sebuleni kwangu stili ilikuwa imeshaingia. Delphia alikuwa ameanza pale pale, mahali penyewe, bila kuinua kichwa. Arvil aliinuka, na kuinuka kwake siku hizi si jambo dogo, akaenda mpaka kwenye televisheni akapunguza sauti mpaka ikaisha kabisa. Coy Messer akawa anafungua na kufunga mdomo kule ndani, na mwanangu anapiga. Arvil hakurudi kukaa. Alisimama pale, mkono juu ya televisheni, mpaka zamu ikaisha.

Jana Delphia ameanza kazi kiwanda cha mashati. Wamempa cherehani ya kusukuma kwa goti. Msimamizi amesimama mbele yake kutwa akimtazama anavyosukuma, amefurahi sana jinsi alivyo mwepesi, na hakuna aliyekuja kumtundikia kitambaa.

Hajasema neno baya juu yako. Barua yako iko kwenye droo yake, sikuichoma ingawa mkono uliniwasha. Unga wa njiwa ndio nimewamwagia kuku wote, nao hawakuupenda sana.

Nisalimie Nadine, mwambie ajipake mafuta ya kafuri kifuani. Nisalimie wanao, Trudy na mdogo wake Lonzo, na mjukuu ambaye sijamwona. Arvil anakusalimu. Mama mkwe naye anakusalimu, ingawa anadhani bado uko jeshini. Mungu akulinde huko kwenye mabomba, akurudishe siku moja kibarazani petu, ukae na huyu binti uliyemfunza kwa mikono yako, muangaliane usoni.

Lakini usije kabla hujaandika. Wamesema nyumba hii inadaiwa radhi, kumbe nyumba hii ndiyo inayoidai, na inaidai kwako. Kalamu unayo, anwani yake unaijua. Mwandikie, na jina lake ulitaje.

Dada yako akupendaye hata leo,
Ivalene