Akinyi wa Siku Gani?

Mama,

Nimerudi kutoka Ghana. Najua ungeuliza kwanza kama nilikula. Nilikula, Mama. Wana ugali wao wa kuchacha unaofungwa kwa maganda ya mahindi, na pilipili yao, yawa! Nililia mbele ya watu. Nusu ya yale machozi yalikuwa yako, lakini nilisingizia pilipili.

Tulikuwa wanawake wanane wa kikundi chetu cha ushonaji hapa mtaa wa Congo, Kawangware. Aliyetutembeza anaitwa Kofi, mtu wa maneno mengi, kila tukishuka gari anatuhesabu kama kuku. Alitupeleka kwenye ngome walikofungiwa watumwa, akatuonyesha mlango mwembamba unaotokea baharini. Akasema waliopita pale, majina yao hakuna aliyeyaandika. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilishika ukuta tu, maana ulikuwa na miezi mitatu kaburini na kila kitu kilikuwa kinanirudisha kwako.

Siku ya nne tukafika kijiji cha wafumaji, karibu na Kumasi. Huko wageni hupewa jina. Si la saa, kama letu sisi Wajaluo. Wao wanahesabu siku. Aliyezaliwa Jumamosi, kama ni msichana, anaitwa Ama. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Ama nani? Ama nini? Kofi hakuelewa tunacheka nini.

Halafu mzee mmoja akanigeukia, Kofi akatafsiri: wewe ulizaliwa siku gani?

Mama, nikapekua mkoba wangu kana kwamba jibu limo humo.

Si unakumbuka nilipokuja kwako Mashimoni na zile fomu za pasipoti? Cheti changu kinasema Januari mosi, tarehe uliyompa mwalimu mkuu, na nusu ya darasa letu walizaliwa hiyo Januari mosi. Nikakuuliza siku yenyewe ya kweli. Ulikuwa unachambua omena, wale dagaa wako, hata hukuinua kichwa. Ukasema, "Si nilikuita Akinyi? Akinyi ni wa asubuhi. Inatosha." Nami, mdomo huu wangu, nikakwambia, "Mama gani hajui siku aliyozaa?"

Ukachukua mtungi, ukaenda kuteka maji. Na mtungi ulikuwa umejaa, Mama. Niliuona.

Nilirudi Kawangware bila kukuaga vizuri. Nikajiambia nitakuja Jumapili tuyamalize, Jumapili ikawa na kazi, ya pili pia. Presha yako haikuningoja.

Basi mzee ananitazama, na mimi nikasema, "Ijumaa." Sikujua nimeitoa wapi. Baadaye ndipo nikajua: ndiyo siku uliyokufa. Wakaniita Afia. Wakanidondoshea ulimini tone la maji, kisha tone la pombe, na Kofi akaeleza kwamba hivyo ndivyo hata mtoto mchanga anavyofunzwa: ukisema ni maji, yawe maji kweli, ukisema ni pombe, iwe pombe. Kwamba usiseme uongo maisha yako yote. Na mimi nimetoka kudanganya sasa hivi! Wenzangu wanapiga vigelegele. Aki Mama, niliona aibu mpaka nikatamani kulitema lile tone.

Niliporudi sikupita hata nyumbani kwangu. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Odhis, jirani yako wa miaka yote, nikamkuta kwenye kioski chake cha maji. Nikamwambia, wewe ulikuwepo, niambie nilizaliwa lini. Akafunga mfereji. Watu wakalalamika na madumu yao, akawaambia wangoje.

"Nyathina," akasema, "mwanangu, mama yako hakukuficha. Hakujua."

Akaniambia baba yangu alikuwa ameshaenda zake. Yeye Mama Odhis alikuwa amesafiri kwenda matangani. Aliporudi akakuta mlango wako umefungwa kwa ndani na hakuna anayeitika. Wakauvunja. Ulikuwa sakafuni, umepoteza damu hata hujitambui, na mimi juu ya kifua chako, damu imenikaukia, nanyonya. Siku ngapi? Hakuna anayejua. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umejifungua peke yako.

Wakakubeba kwenye mkokoteni mpaka hospitali. Ulipofungua macho ilikuwa asubuhi. Ukauliza kama mtoto yu hai, wakaniweka mikononi mwako, ukasema, "Akinyi." Ukamwapisha Mama Odhis asiniambie kamwe. Uliogopa nitakuona mama mbaya.

Na mimi nikaja nikakwambia hivyo hivyo kwa mdomo wangu.

Nisamehe. Nimeandika hilo neno mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikazirarua zote, maana lilionekana dogo. Nisamehe, Mama. Miaka yote nilidhani jina langu ni saa niliyozaliwa. Kumbe ni saa uliyojua kwamba niko hai.

Pumzika sasa. Huko Siaya mvua imenyesha, shangazi anasema kaburi lako limeota nyasi nzuri. Mwezi wa nane nitakuja kulipalilia kwa mkono wangu, sitatuma mtu. Na nakuahidi, yeyote atakayeniuliza tena nilizaliwa siku gani nitamwambia sijui, na mama yangu pia hakujua, maana siku hiyo sote wawili tulikuwa na kazi ya kutokufa.

Mwanao,
Akinyi