Mtoto wa Boti Anaitwa Nani?

Mpendwa Mshauri, leo anayeomba msaada ni mimi, na usishtuke, maana wanaonifahamu watakuambia mimi ndiye huombwa, kuanzia Kashai hadi Muleba hakuna mahari inayopokelewa wala kaburi linalofukiwa kabla mtu hajauliza, "Mjomba amefika?", na senene wenyewe, wale panzi wetu watamu, wakianza kushuka Bukoba huzunguka kwanza juu ya bati langu kupiga hodi. Shule nilifika darasa la tano, la sita nililiona dirishani, lakini nikishika kipaza sauti hata wenye digrii hufunga midomo.

Sasa, kule kisiwani Bumbire kuna boti ya kuwavusha wajawazito uchungu ukiwashika, kuwaleta hospitali upande wa Muleba, na nahodha wake ni Haidari, mtu mkimya kama jiwe, na boti hiyo haitembei kwa mafuta tu, inatembea kwa watu: akina mama wa Kanazi wanatoa ndizi na maharage ya mzazi, wenye maduka wa Kashai wanatoa kanga na sabuni, Muharami wa bajaji anamsubiri mama mwaloni, pale boti zinapofikia, na kumkimbiza hospitali bila kudai chochote, na kazi ya kuwaunganisha hao wote na kuwatia moyo kwenye kundi la WhatsApp nilipewa mimi, Mhamasishaji Mkuu wa Ukanda wa Ziwa, cheo nilichokitunga mwenyewe kwa sababu wenzangu hawakuwa na cha kunitosha.

Basi nikaenda semina moja mjini, nikarudi na neno "wadau", neno tamu, linajaza mdomo, nikaanza kumwita kila mtu mdau, na kila asubuhi nikawa nawatumia wote ujumbe uleule, "Mdau wetu mpendwa, mchango wako ni muhimu," halafu naongeza ujumbe wa sauti wa kuwasimulia nilivyovuka wimbi refu kuliko kanisa kuu la Bukoba, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nimemshika mama mzazi, tochi nimeing'ata kwa meno, na watu walikuwa wanaweka makopa, ile mioyo myekundu ya simu, mpaka simu inapata moto.

Ndipo akaja Ma Anatolia kutoka Kanazi na mkungu wa ndizi, mkubwa, umefungwa vizuri kwa majani yake, akasema anataka kuupeleka Bumbire mwenyewe. Nikamwambia, "Ma, wadau hawapandi boti, acha hapa, ofisi itafikisha." Ofisi ni sebule yangu. Nikampa Cheti cha Mdau Bora, kimepigwa plastiki, jina lake kwa wino wa dhahabu, nikategemea atalia kwa furaha. Akakitazama mbele, akakigeuza nyuma, akaaga.

Baadaye akarudi. Nikamkaribisha akamwani, zile buni zetu za kutafuna na mgeni, kikapu nikakisogeza kabisa hadi magotini kwake. Hakugusa, na wewe ni mtu wa hapa, unajua Mhaya akikuachia akamwani kwenye kikapu maana yake ni nini: ana jambo na wewe moyoni.

"Ta," akaniambia kwa heshima yetu ya Kihaya, "ule mkungu ulifika?"

"Ulifika, Ma. Mzazi akakusalimu sana."

"Nashukuru waitu. Mtoto anaitwa nani?"

Mshauri, ningejuaje? Lakini kiongozi hakosi jibu, nikasema kwa sauti ya kiofisi, "Anaitwa Derick."

"Derick."

"Derick, Ma. Mtoto shupavu, ana kifua kama cha babu yake."

"Haidari ameniambia ni msichana."

"Siku hizi, Ma, majina hayachagui."

Akaweka cheti juu ya meza yangu polepole kama anayelaza mtoto. "Kwetu ukimpelekea mzazi ndizi, unapewa mtoto umpakate. Wewe umenipa plastiki nipakate." Akaondoka, na kabla hajafika barabarani simu ikalia: Anatolia ameondoka kwenye kundi. Wakafuata akina mama wote wa Kanazi, wakafuata wenye maduka, nami nikaandika, "Wadau, tuwe na subira," Muharami akajibu, "Mdau ni wewe," naye huyo akatoka, na sasa kundini tumebaki mimi na Haidari, ambaye simu yake iko chini ya ziwa.

Ningevumilia, lakini juzi boti ilileta mama, na hapakuwa na bajaji mwaloni wala mtu, Haidari akapanda naye kile kilima amemwegemeza begani hadi wakaokotwa na gari la samaki, akajifungua salama kwa rehema za Mungu tu. Na yuko Evelyne hukohuko Bumbire, mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, amenipigia simu akaniuliza, "Mjomba, nikifika mwaloni nitamkuta nani?" Nikajifanya mtandao umekata.

Je, nichape fulana? Au vyeti viwe na fremu? Nipe mbinu, Mshauri, maana Muharami nampenda kama mdogo wangu, na Ma Anatolia ndiye aliyepika msibani mama yangu alipofariki, na kupita Kanazi bila kuitwa kunaniuma kuliko jino.

Kako pia kajambo kadogo, nakaweka mwishoni ili ukiwa na haraka ukaruke. Aliyeomba kupanda boti si Ma Anatolia peke yake, waliomba wote, na niliwakatalia kwa sababu wakifika Bumbire watauliza habari za lile wimbi, na Bumbire wananijua kwa sauti ya simu tu. Ile boti nimeipanda mara moja, ikiwa bado imefungwa kwenye kigingi, injini haijawashwa, nikatapika ndani ya kofia ya Haidari.

Ni mimi, Mjomba, Kashai. Jina usilitoe.

Bi Rahima anajibu:

Mjomba, jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa kwa habari ya wale senene wa bati, Kashai nzima imekwisha kukujua. Nilicheka hadi nikafika kwa yule mama anayepandishwa kilima begani kwa nahodha. Hapo nikaiweka barua chini.

Pole kwa tumbo lako. Wapo wavuvi wanaotapika na hakuna anayewacheka. Ila wewe umewafungia watu mlango wa kazi yao wenyewe ili kofia moja isijulikane, na hilo sikupi pole.

Hebu lisikilize tena wimbi lako. Usukani umeshika wewe, mama umemshika wewe, hata tochi ni meno yako. Mtu wa Kanazi akisikiliza hayo afanye nini zaidi ya kuweka kopa na kurudi shambani? Hujamwachia hata kamba ya kuvuta. Mama wa watu aliupanda ule mgomba, akaupalilia, akakata mkungu, akasafiri nao, halafu anauliza kitu kimoja tu, jina la mtoto, na wewe unamtungia Derick! Angekuuliza risiti ungempa ya dhahabu. Sijui huko seminani walikufundisha nini, lakini mtu anayeuliza jina la mtoto tayari ni wa nyumba hiyo, na wewe ulimtoa nje na kumwita mdau.

Fulana, hapana. Fremu, thubutu!

Fanya hivi, na uanze leo. Nenda Muleba kwa Muharami, wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe. Kile kitambulisho cha shingoni, maana najua unacho, kiache nyumbani. Mwambie, "Evelyne anakuja na hana mtu mwaloni," kisha nyamaza. Atakutukana kidogo. Vumilia, umeyatafuta, na namjua mtu aliyekuwa akisubiri wazazi bure: hatakataa.

Ukitoka hapo mtafute Haidari, muulize jina la yule mtoto msichana, na muombe amuulize mama yake kama anaridhia litajwe. Akiridhia, lipeleke Kanazi. Mwambie Ma Anatolia kwamba Derick ulimtunga. Usilipambe, Mjomba, nakuomba, sema tu ulidanganya kwa kuwa ulikuwa hujui. Akikusogezea akamwani, tafuna. Asipokusogezea, rudi tena wiki nyingine.

Halafu boti ikiwa inarudi Bumbire bila mgonjwa, mchana na ziwa limetulia, muombe Haidari awapakie wanaotaka kwenda, kila mmoja na koti la kuokolea. Waende na ndizi zao, wawaone wazazi wanaopenda kuonwa, wapakate watoto. Watarudi na maneno mengi: ndizi za kupika zinafika zimeiva, sabuni ni nyingi na nepi hakuna, mwaloni hakuna hata benchi. Usiwajibu kwa hotuba. Waulize nani atafanya nini, na wape nafasi wafanye kwa namna yao, hata kama siyo yako. Na lile kundi, wakirudi, waachie akina mama wa Bumbire wasimulie wenyewe wanapotaka. Sauti yako ipumzike, imefanya kazi sana.

Wewe pia utapanda. Kaa nyuma karibu na nahodha, tazama mbali, usile kabla. Ukitapika watakucheka kuanzia mwaloni hadi kisiwani, na atatokea mtu wa kukushika mgongo. Mwache akushike. Miaka yote umewaomba wakuhitaji. Hebu nao waone unawahitaji.

Lakini hiyo ni safari ya baadaye. Evelyne hawezi kuisubiri. Muharami akishakubali tu, mpigie Evelyne hapohapo, mtandao usikukatikie, umtajie kwa majina watu atakaowakuta akifika, na la kwako liwemo. Mwaloni ni nchi kavu, Mjomba. Hapo huna kisingizio.