Mgeni wa Kitanda cha Dirishani

Kwako dada yangu,

Sisi wazima, na yule kuku uliyetuachia ameanza kutaga. Ila mimi roho haijatulia.

Unaujua ule wakfu wa familia yenye kiwanda cha saruji? Hawapokei maombi ya msaada ya mtu, wanaalika wenyewe wa kumsaidia. Sasa wametualika sisi, nyumba ya wazee isiyo hata na kibao mlangoni! Nani katutaja?

Jana akaja mkubwa wao, suti imenyooka. Jikoni hakuingia, wala bafu linalovuja hakuliulizia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha dirishani, kwa yule bibi aliyeachwa getini kwetu, asiyetaja ndugu hata mmoja. Akamvutia blanketi, akalifunika vizuri goti la kushoto, lile linalomsumbua. Nani alimwambia?

“Huwa anazungumzia watoto wake?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Vizuri. Msaada utakuja kila mwaka. Msitutangaze tu.”

Bibi alikuwa amejifanya kalala. Gari lilipoondoka akafumbua macho.

“Umempa chai?” akaniuliza. “Huyo tangu mdogo hali mpaka abembelezwe.”

Mimi mdogo wako, ambaye bado sijaujibu mwaliko.