Picha Tatu za Kanisa la Gracien

Nyamianda, Uvira
Tarehe 14 mwezi wa saba, 2024

Mpendwa mwanangu Achille,

Amani ya Bwana wetu ikukute huko Lubumbashi, katika kazi yako na katika mapumziko yako. Kabla ya jambo lolote nataka kujua habari za afya yako. Kile kikohozi cha msimu wa baridi kimekwisha? Unapata chakula cha kutosha, na je, umepata kanisa la kusalia karibu na unapokaa? Sisi huku tunaendelea kwa neema. Mgongo wangu hunikumbusha umri kila asubuhi, lakini bado unaniruhusu kupiga magoti, nami sidai zaidi.

Baba yako Norbert alikwenda Katogota kuvuna mihogo na amerudi mzima, isipokuwa analalamika kwamba vijana wa siku hizi wanachoka kabla ya jua kupanda. Sikumwambia kwamba baba yetu alisema vivyo hivyo juu yake.

Ndagala zimekuwa nyingi ziwani mwezi huu, na mji mzima unanuka samaki wanaoanikwa. Tunamshukuru Mungu kwa harufu hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako. Mjukuu wangu Vanessa alinisomea ujumbe wako wote, kisha nikamwomba ausome tena, maana mambo ya michezo ya ordinatere, hizo kompyuta zenu, ni mageni kwangu. Nimeelewa hivi: mchezo wenyewe ulitengenezwa na watu wengine, nanyi vijana mnaongeza ndani yake miji na majengo ya kwetu, ili mchezaji ajenge, alinde na kupigania pwani ya Tanganyika badala ya nchi za mbali. Wewe ndiwe mchoraji wa majengo. Umechora lile kanisa dogo alilolijenga baba yako mdogo Gracien, lililoangushwa na mafuriko naye akafia humo, na unaomba ruhusa yangu kabla wenzako hawajautoa mchezo kwa watu. Umesema nikikataa utaifuta kazi hiyo yote. Umefanya vema kuuliza.

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza moyoni lilikuwa hapana. Nilijiuliza kama ni halali nyumba ya sala ibomolewe na watu wanaojifurahisha, wakiwa wameketi na kunywa chai. Niliomba juu ya jambo hilo, na katika kuomba nikaona kwamba nilikuwa najibu swali lisilo langu. Nyumba ile ni kweli ilikuwa ya Bwana, lakini msiba ulikuwa wa mjane. Basi nikamchukua Vanessa na simu yake, tukaenda kwa mama yako mdogo Georgette.

Tulimkuta akigeuza ndagala uani. Alinawa mikono, akaifuta kwa kitenge, akaishika simu kama mtu anayeshika kitoto kichanga. Picha ya kwanza kati ya tatu ulizotuma, ya kanisa zima, ilimfanya atabasamu. Alisema, “Ndo yenyewe. Hata dirisha ile yenye kupinda.”

Ya pili, ile ya kanisa likijengwa, ilimfanya acheke mpaka majirani wakachungulia.

“Achille anapaka udongo mbele ya kuweka mabati? Na mvula ikikuja, kunabakia nini? Weye Muzee, haukumufundisha huyu mutoto?”

Nilikutetea. Nilisema, “Shemeji, huyo alikulia mu nyumba ya matofali.”

“Basi mbele ya kuoa akuje hapa, akanyange udongo na miguu yake. Bibi wake atamucheka!”

Mwanangu, ana haki. Nyumba ya miti na udongo haijengwi kama ya matofali. Husimamishwa nguzo, hufungwa fito, huezekwa, na ndipo udongo hupakwa chini ya paa lililokwisha kuwapo. Kanisa lile tulisali ndani yake likiwa na mabati tu bila kuta, upepo wa ziwa ukifunua kurasa za vitabu vyetu, na sijui kama tumewahi kuimba vizuri zaidi. Rekebisha picha hiyo. Mchezaji aone paa kwanza.

Ilipofika ya tatu, ile ya magofu, Vanessa alitaka kuifunika kwa kidole.

“Usifiche, mutoto. Miye niliionaka yenyewe na macho.”

Aliitazama kuanzia juu kwenda chini. Umechora ukuta ulioanguka, mabati yaliyokunjika, na katikati ya matope mabenchi yaliyovunjika. Alipoyafikia hayo, uso wake ulibadilika.

“Hii mabenchi inafanya nini humu ndani?”

Vanessa alimjibu nyanya yake, “Koko, ni kuonyesha kama kanisa imeharibika.”

“Haikukuwamo. Gracien alitoaka yote.”

Sikulaumu, Achille. Tulikuambia kwa simu kwamba baba yako mdogo alifia kanisani, laini ikakatika, na baadaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kukueleza zaidi. Mto uliposhuka na mafuriko yake, aliingia akawa anayapitisha mabenchi mlangoni, vijana wakiyapokea na kuyapandisha barabarani. La mwisho lilikuwa limekwisha kutoka, naye nyuma yake, ukuta ukamwangukia. Wako waliosema wakati ule kwamba mbao hazistahili uhai wa mtu. Labda ni kweli. Mimi sina hukumu juu ya hilo, ninamwachia Mungu.

Vanessa, kwa kutaka kumfariji, alimweleza kwamba katika mchezo kanisa likianguka mtu anaweza kulijenga tena. Georgette akajibu kwa upole, “Hiyo iko muzuri. Yetu ingali kiwanja.” Kisha akanigeukia.

“Muzee, kuanguka aache. Ilianguka, haiko siri. Lakini mabenchi atoe. Mutu akiona ile, atasema bwana yangu alikufa bure.”

Basi ruhusa unayo, nawe ujue imetoka kwake, si kwangu. Acha magofu kama ulivyoyachora, lakini sakafu iwe tupu. Ukimaliza, picha hiyo ya tatu umtumie yeye kwanza kupitia simu ya Vanessa, kabla mgeni yeyote hajaiona. Hilo ndilo sharti lake.

Jumapili iliyofuata tulikusanyika katika darasa tunaloazimwa, nami nilipopanda kuhubiri niliyatazama mabenchi yale. Watu walikuwa wameketi, wazee na watoto wamebanana, na Georgette mbele kabisa, mkono wake juu ya ubao wa benchi. Hakuna aliyesimama kwa kukosa mahali.

Wanakusalimu baba yako Norbert na mama yako Florentine, ndugu yako Héritier, Vanessa, na mama yako mdogo Georgette, ambaye bado anataka kukuona ukikanyaga udongo.

Mungu aliyekupa mkono wa kuchora aulinde usichoke, na aulinde usiseme uongo. Akurudishe kwetu salama.

Ni mimi nikupendaye siku zote katika Bwana,
baba yako mkubwa,
Michée